Daraja Alilolilinda Papa Albert

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Hawakuwa na maana kwamba msema pweke ni mkweli, ingawa wapo wanaopenda kuamini hivyo, hasa wakiwa wao ndio wasemaji. Maana yake ni kwamba anayezungumza bila mtu wa kumjibu hushinda kila kesi, hata ile ambayo yeye mwenyewe angestahili kufungwa. Asiyesadiki na aende Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, nyuma ya maduka ya Ladypool Road, kwenye ukumbi ambamo chama cha Wakongo hukutana kila mwaka kuwakumbuka askari wao wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Chama hicho kilikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko zote: aliyekuwepo ndiye asemaye. Na katika kikosi kilicholinda daraja la Lwiko, ilijulikana kuwa aliyefika Birmingham akiwa hai ni mmoja tu, Papa Albert, mzee mwenye tumbo la heshima na koti la vifungo viwili, kimoja kikiwa kimeshakata tamaa. Kwa miaka kumi na mmoja alisimulia vita vile. Mwaka wa kwanza alililinda daraja kwa saa moja. Mwaka wa tano zikawa saa tatu. Kufikia mwaka wa kumi alililinda kutwa nzima kwa risasi sita, na mto nao ulikuwa umepanuka. Jambo moja tu halikubadilika: mkubwa wake, Sajini Azizi, aliacha daraja akakimbilia milimani.

Sentensi hiyo ilimchoma Shemsa kama pilipili jichoni. Shemsa alikuwa binti wa huyo Azizi, akifanya kazi ya kutunza wazee huko Small Heath. Tangu ajiunge na chama miaka mitatu iliyopita, alikuwa akilalamika kwa mwenyekiti Walter, ambaye wote walimwita Prezida.

"Prezida, baba hakurudi nyumbani. Mtu aliyekimbia akaokoka si angerudi, hata kwa aibu?"

"Dada Shemsa, ulikuwepo?"

"Nilikuwa na miaka minne."

"Basi."

Mwaka huu maji yalizidi unga. Chama kiliamua kuchapisha kijitabu cha majina na sifa za askari, walio hai na waliokufa, na Jumatatu kingepelekwa kwa mpiga chapa. Shemsa alionyeshwa ukurasa wa baba yake. Ulikuwa na mstari mmoja: "Sajini Azizi. Aliacha daraja." Papa Albert alikuwa na kurasa nne na picha.

"Ya ukumbini huisha na chai," Shemsa alisema. "Haya yatakaa kabatini kwa kila nyumba. Wajukuu zangu watayasoma."

"Lete shahidi, tutabadilisha."

"Nimtoe wapi, Prezida? Kaburini?"

"Utaratibu ni utaratibu, dada."

Shemsa alitazama dari kama mtu anayemwomba Mungu subira huku akijua kuwa ghala limebaki tupu.

Jumamosi ya kumbukumbu ikafika. Jiko la ukumbi lilikuwa limeharibika, hivyo wakanunua biriani mtaani. Kwa sababu hiyo Mama Edah wa Stechford, aliyewapikia fufu na sombe tangu chama kianzishwe, alijikuta hana kazi. Akaketi mstari wa mbele, mkoba magotini, akasikiliza.

Papa Albert alipanda jukwaani. Akalilinda daraja mpaka jasho likamtoka. "Ndipo Sajini Azizi," akasema kwa huzuni aliyoizoea, "akaliacha daraja."

"Ni kweli," akasema Mama Edah.

Watu wakageuka. Shahidi ambaye Shemsa alimkosa miaka mitatu amepatikana, naye ni wa upande wa pili.

"Aliliacha, nilimwona kwa macho yangu," Mama Edah akaendelea. "Na mgongoni alimbeba nani, Papa Albert?"

Papa Albert akashika kipaza sauti kama fimbo ya kipofu.

"Mama, tuko katikati ya programu," Walter akaingilia.

"Programu itangoja. Papa huyu alikula mihogo michungu, mibichi, na tulimkataza. Akaanguka palepale darajani, hata kusimama hawezi. Azizi akambeba mpaka kwenye sufuria zangu, akamlaza, akaniomba maji. Akanywa, akarudi darajani. Hatukumwona tena."

"Kwani Mama ulikuwepo?"

"Ninyi mlidhani askari walikula nini, Prezida? Risasi?"

Kicheko kikapita, kikafa chenyewe. Walter akafuta miwani yake, ingawa haikuwa chafu. "Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Mlinituma jikoni. Kila mwaka nilisikia makofi kupitia ukutani, nikadhani ni ya Azizi."

Papa Albert akaketi kwenye ngazi ya jukwaa. Tumbo lake la heshima lilionekana tumbo tu. "Mwaka wa kwanza nilitaka kusema," akanong'ona. "Nikaona aibu, mwanajeshi mzima kubebwa kwa ajili ya muhogo. Nikaruka kipande kidogo. Mwaka uliofuata lile pengo likadai kujazwa. Hakuna aliyenibishia, mwanangu."

Kwa miaka mitatu Shemsa alikuwa amejiandalia matusi ya siku hiyo. Hakutumia hata tusi moja. Alichomoa kalamu kwenye mkoba wake.

"Jumatatu ni keshokutwa, Papa. Andika."

Mzee akaandika, Mama Edah ameketi ubavuni pake. Alipoanza na "Tulipokuwa tukipambana mimi na Azizi," Mama Edah akakohoa. Mzee akaukata mstari huo. Alipoandika kwamba homa ilimshika ghafla, Mama Edah akakohoa tena. Akaandika muhogo. Baada ya karatasi tatu kuharibika, Shemsa alisoma kwa sauti maneno yatakayokaa kwenye makabati: "Sajini Azizi. Aliacha daraja akiwa amembeba Albert mgongoni. Kisha akarudi kulilinda peke yake."

Ukumbi ukasimama wote, Papa Albert akiwa wa kwanza. Ilichukua miaka kumi na mmoja na swali moja la mpishi kumrudishia marehemu jina lake, kwa maana hakika, msema pweke hakosi.