Jenerali Fisi Alivyokwenda Kula Mbuzi wa Wafungwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Sema wewe, sisi tuna masikio tu!"

Pakawa jeshi la wanyama, na mkuu wake Jenerali Fisi. Jenerali gani yule? Tumbo lililovaa kofia. Nyama ya askari ikija, nyam nyam nyam, anakula yeye. Mifupa ikibaki, kra kra kra, anakula yeye. Askari wanapiga kwata na njaa zao, kushoto kulia, kushoto kulia. Na jeshi lile lilikuwa na desturi yake: saluti hupigiwa kofia. Aliye chini ya kofia hatazamwi usoni, eti ni utovu wa nidhamu. Mijitu mizima hiyo!

Siku moja Karunguyeye, askari mdogo mwenye miiba, akauliza, "Afande, nyama yetu iko wapi?"

"Huo ni uasi," Fisi akasema.

Mshtaki Fisi, shahidi Fisi, hakimu Fisi. Hukumu ikawa kisiwa cha chumvi, akavunje mawe hadi afe, kama wenzake waliouliza kabla yake. Katika waliopelekwa huko, hakuna aliyerudi.

Fisi akampeleka mwenyewe, apate kula na posho ya safari. Karunguyeye, kamba shingoni, akapiga kasia, chubwi, chubwi. Alijua akishuka na kamba ile, kwao hapaoni tena. Lakini akajitia kutabasamu.

"Unachekea nini?" Fisi akauliza.

"Namfikiria mbuzi, afande."

"Mbuzi gani?"

"Mfungwa mgeni hupokewa na mbuzi mzima wa kuchoma. Mawe huanza kesho yake."

"Na afande aliyemleta?"

"Afande hupewa uji. Si ana cheo? Atashiba heshima."

Mate yakamtoka Fisi, chururu. Angejuaje? Kisiwani alizoea kutuma wengine wapeleke wafungwa, yeye hajapakanyaga.

"Mbuzi mzima kwa mwasi? Lete kamba hiyo. Shika kofia, na huo uji unywe wewe."

Wakafika. Mkuu wa gereza, Ngiri, akaiona kofia. Ilimfunika Karunguyeye hadi puani, lakini kofia ni kofia. Ngiri akapiga saluti, ta!

"Huyu nani, afande?"

"Mwasi. Anajiita jenerali."

"Wakiona mawe, wote hujipa vyeo."

"Mbuzi wangu yuko wapi?" Fisi akafoka.

"Unamsikia? Anauliza nyama," Karunguyeye akasema.

Ngiri akatikisa kichwa. "Kosa lile lile." Akampa Fisi nyundo. Gwa! Gwa! Gwa!

Karunguyeye akaamuru wafungwa wote waliouliza nyama wapande chomboni. Kofia imesema, nani abishe? Wakarudi kwao, wengine wanalia kwa furaha.

Na kofia je? Karunguyeye akakivisha kichuguu kofia hiyo katikati ya kambi. Jeshi zima likapiga saluti, ta! Tangu hapo nyama inawafikia askari, maana kichuguu hakili. Nao husema hawajapata jenerali mwenye busara kama huyu.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, mpelekeeni mwenye kofia.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: askari mwema hafikiri wala haulizi, na nyama humfuata yenyewe. Anayebisha aseme, kisiwani nyundo bado zipo.