Diski ya Nyamizi

Mwanamke mmoja aitwaye Kabula alikuwa na kompyuta kuukuu iliyokufa, na ndani yake ilikuwamo diski yenye sauti ya marehemu mama yake, Nyamizi, akiimba wimbo wa kubembeleza. Sasa Kabula alikuwa amejifungua binti, akampa jina la mama yake. Katika ukoo wao, mtoto aliyerithi jina huimbiwa kwanza na mwenye jina, ndipo wengine nao humwimbia. Kwa hiyo Kabula alimlaza binti yake bila wimbo, akingoja sauti ile ya kwenye diski.

Shemeji yake, Shigela, alimpa kompyuta mpya kwa moyo mweupe. Kabula akaichomoa diski ya zamani, akajaribu kuichomeka katika mpya. Mdomo wa diski ulikuwa mpana, wenye pini nyingi. Tundu la kompyuta lilikuwa dogo. Kwa hamu yake akalazimisha, pini moja ikapinda.

Shigela akacheka. "Shemeji, hilo kopo limekwisha. Mwimbie mwenyewe, yaishe."

Kabula hakumchukia, maana alijua anamhurumia. Alimfunga mtoto mgongoni, akabeba diski na ile kompyuta mpya, akaenda kwa fundi Mabula, mwenye kibanda cha bati kando ya soko.

Fundi hakumuuliza kwa nini alilazimisha. Alichukua sindano ya kushonea, akainyoosha ile pini polepole, kama mtu amtoaye mtoto mwiba. Kisha akatoa kifaa kidogo, adapta, chenye nyuso mbili: uso mmoja mpana, wa kuipokea diski ya zamani, mwingine mwembamba, wa kuingia katika tundu la kompyuta mpya. Akaunganisha. Kimya.

Kabula akainamisha kichwa.

"Haijafa, mama," fundi alisema. "Ina njaa tu. Hizi za zamani zinataka umeme wao."

Kibandani palikuwa na soketi mbili. Moja ilishikwa na kompyuta, nyingine na feni, na jua lilikuwa limesimama juu ya bati. Mabula akachomoa feni yake, akachomeka waya wa adapta. Diski ikaguna, ikaanza kuzunguka.

Nyamizi akaimba. Katikati ya wimbo akanyamaza kufukuza kuku, akacheka, akaendelea pale alipoachia. Mtoto mgongoni akatulia kusikiliza. Fundi alijifuta jasho kwa kiganja, wala hakuigusa feni mpaka wimbo ukaisha. Na ulipoisha, Kabula akauanza upya kwa sauti yake mwenyewe, machozi yakimtoka, naye akajua kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye atakayekaa kati ya Nyamizi aliyetangulia na Nyamizi aliyekuja.

Adapta haikuimba hata neno moja, lakini bila hiyo wimbo usingepita. Basi wewe uliyefikiwa na sauti za waliokutangulia, umewahi kumshukuru aliyezima feni yake ili uzisikie?