Kilima cha Pili

Wahenga waliposema mtoto wa nyoka ni nyoka, walimwonya yule anayemuua nyoka mkubwa kisha akalala mlango wazi, bila kuuliza kama aliacha mayai. Kisa hiki kilitokea katika maabara ya kupima dawa za mashambani, ambako nyoka hana mkia wala meno. Ni mstari tu kwenye karatasi.

Mpimaji wa maabara hiyo alikuwa mwanamke mwenye macho makali na maneno machache. Mashine yake ilichora kila kemikali iliyomo katika sampuli kama kilima kidogo, naye hakuacha kilima bila kukihoji, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Bibi Vilima. Mwaka huo aliletewa dawa mpya ya kuua viwavi. Ilijaribiwa katika shamba la kabichi la shemeji yake, mume wa dada yake. Viwavi walikwisha kutafuna nusu ya shamba, na wakulima wote walisubiri dawa iruhusiwe kwa hamu kama ya maji kiangazi.

Sampuli za kabichi na za maji ya kisima zilichukuliwa siku ya kwanza, ya saba na ya kumi na nne. Kilima cha dawa kilipungua, kikapungua, hatimaye kikatoweka. Bibi Vilima akaandika kwenye fomu neno moja, "Haipo", akatia sahihi. Jioni akampigia dada yake na kumwambia kuwa sasa wanaweza kurudi kuteka kisimani kwao.

Kesho yake, akifunga jalada, alizipanga karatasi tatu sambamba. Pembeni palikuwa na kilima kingine. Siku ya kwanza hakikuwapo, siku ya saba kilichomoza, siku ya kumi na nne kilikuwa kirefu kuliko vyote. Dawa haikwenda popote. Ilikuwa imevunjika na kuzaa kemikali nyingine, ambazo wapimaji huziita watoto wa dawa. Yeye alimtafuta mzazi tu, kwa kuwa fomu iliuliza habari za mzazi tu.

Alimpigia dada yake kwanza.

"Acheni maji ya kisima."

"Si jana tu ulisema ni salama?"

"Nilisema. Nilikosea."

Kisha akaingia kwa mkuu wa maabara.

"Kampuni iliyotengeneza dawa imeandika kuwa hicho kilima cha pili hakina madhara," mkuu alisema. "Na fomu umetia sahihi mwenyewe."

"Wameandika, lakini hawakupima. Na kwa vile sahihi ni yangu, acha niifute mwenyewe. Nipe siku mbili."

Siku ya pili shemeji alifika na kabichi kwapani, imetobolewa kama chujio.

"Shemeji, nimekukosea nini? Viwavi wananila shambani, nawe unanila ofisini!"

Bibi Vilima hakucheka. Alimwonyesha bilauri tatu zenye vijidudu vya majini, vidogo kama punje za ufuta, ambavyo maabara huvitumia kupimia sumu. Katika bilauri ya maji safi vilirukaruka. Katika ile ya dawa yenyewe, vingine vilikufa na vingine vilijikokota. Katika ya tatu alikuwa ametia mtoto wa dawa, kiasi kilekile. Hakuna kilichotikisika.

"Na kisimani kwangu kuna ipi?"

"Hiyo ya tatu. Bado ni kidogo, ila inaongezeka kila wiki."

Shemeji aliiweka kabichi mezani polepole. "Kitinda mimba wetu alikunywa vikombe viwili asubuhi ile, kabla hujapiga simu."

"Mpeleke hospitali leo. Jina la dawa nimekuandikia hapa, mpe daktari."

Binti alipimwa, akaonekana mzima. Lakini neno "akaonekana" halikumtuliza tena mama yake mdogo, na kila mwezi alimrudisha kupimwa. Dawa ilikataliwa. Shemeji alipoteza kabichi zote za msimu ule, akakifunika kisima kwa mikono yake mwenyewe, wala hakulalamika tena.

Kwenye fomu, Bibi Vilima alilikata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Mzazi haonekani. Mtoto yupo." Nafasi ya maoni ilikuwa finyu, ikamtosha kuandika haya tu: mtoto wa nyoka ni nyoka.