Vifaranga Weupe wa Sikitu

Usimsome kifaranga kabla hujamwona jogoo. Mmeisikia leo mnadani, mkacheka, mkauliza kwani kifaranga ana maandishi gani. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Singida aliishi Mghenyi, aliyefiwa na mkewe, Sikitu. Mke alimwachia kuku sita wekundu, mbegu aliyopewa na mama yake, na neno moja: "Isikatike."

Mwaka huo bwana mifugo aligawa majogoo wa mradi, wakubwa, weupe pe, kila nyumba mmoja. Kuku walipotaga, mayai yakapelekwa kwenye mashine ya kutotolesha ofisini kwake. Yakiwa bado humo, kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kikaingia kijijini. Chanjo iliyoahidiwa ilifika wiki mbili baada ya kuku kwisha. Wakubwa hawakosi kufika, ila hufika matangani. Basi kilichobaki cha Sikitu duniani kikawa mayai kumi na tisa ndani ya mashine.

Siku ya kutotoa, Mghenyi alifika na shemeji yake Zaituni, mdogo wa marehemu. Gari la mnunuzi wa majogoo lilikuwa linanguruma nje. Amri ya mradi ilikuwa moja: vifaranga wekundu ni majike, warudi nyumbani, weupe ni majogoo, wapakiwe, maana mradi haulishi majogoo.

Boksi la Mghenyi likafunuliwa. Wote kumi na tisa weupe. Mwekundu hakuwepo hata wa dawa.

"Majogoo watupu," akasema bwana mifugo. "Pakia."

"Mwanangu, ngoja kidogo. Hata jike mmoja?"

"Mzee, rangi haidanganyi. Binti hufuata rangi ya baba, dume hufuata ya mama. Picha ile pale ukutani."

Nyumba tatu zilikwisha pakia maboksi yao, nayo weupe watupu. Dereva akapiga honi. Mghenyi akalikumbatia boksi. Ndani vifaranga walikuwa wanalia. Akaitazama picha asione kitu kwa jasho lililomwingia machoni.

Zaituni ndiye aliyeisogelea. "Bwana mifugo, jogoo wa pichani ana rangi gani?"

"Mwekundu."

"Na majike wake?"

"Weupe. Mama, gari linasubiri!"

"Lisubiri. Sisi ulituletea jogoo gani?"

Bwana mifugo akageukia gari.

"Ulileta mweupe," Zaituni akasema. "Na kuku wa dada walikuwa wekundu. Kama binti hufuata baba, na baba ni mweupe, hao mabinti wekundu unaowatafuta watatoka wapi? Kwa jirani?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana mifugo hakucheka. "Nani kakupa ualimu wewe?"

"Sijui kusoma, baba. Naangalia tu."

"Haya, kaeni na majogoo wenu!"

Gari likaondoka na maboksi matatu ya majirani, na hakuna aliyewaomba radhi mpaka leo.

Msidhani Mghenyi alirudi na raha. Je, kama mwenye picha alisema kweli? Kila asubuhi alichuchumaa bandani akitazama vichwa vyao. Wiki ya sita panga nyekundu za utosini, alama ya jogoo, zikaanza kuchomoza kwa mmoja, kwa wa pili, hadi wanane. Akakosa hamu ya kula. "Wanafuatana, shemeji," akamwambia Zaituni. "Watageuka majogoo wote hivi hivi."

"Hesabu wasio nazo," akajibu.

Walikuwa kumi na mmoja. Mghenyi hakuthubutu kuwaita majike mpaka mwezi wao wa sita, alipoinama kwenye chungu kilichopasuka, kiota cha tangu enzi za Sikitu, akakuta yai, bado lina joto. Akalishika kwa mikono miwili. "Haikukatika, Sikitu," akasema, peke yake bandani.

Msimu uliofuata bwana mifugo alirudi na picha ileile. Kabla hajafungua boksi hata moja, wanakijiji wakamwambia kwa sauti moja: "Usimsome kifaranga kabla hujamwona jogoo."