Hereni Ndani ya Kofia

Bi Sikudhani alikuwa mjane mshona kofia, na wanawe waliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Alipokuwa ndani akikaa eda ya mumewe, shemeji yake, tajiri Mwinchande, alimvisha ng'ombe yule hereni ya kielektroniki yenye jina lake mwenyewe. Eda ilipokwisha, akaja kumswaga.

"Shemeji, mashine ikipitishwa sikioni humtaja mwenye mali," alisema mbele ya wazee. "Haina undugu, wala haisemi uongo."

"Basi na iwe sheria," alijibu Bi Sikudhani. "Kinachosomwa na mashine ni mali ya aliyetajwa, asibishe mtu."

"Asibishe mtu," alisema Mwinchande, na mwenyekiti wa kijiji akakubali.

"Na kofia yako hii, nimekwisha kuishona. Ivae, shemeji, leo ni siku yako."

Mwinchande akaivaa. Bwana mifugo akapitisha mashine sikioni mwa ng'ombe. Ikalia, ikamtaja Mwinchande.

"Ipitishe na kichwani kwa shemeji," alisema Bi Sikudhani taratibu, "tujue naye ni wa nani."

Watu wakacheka. Mashine ikalia tena. Bwana mifugo akatazama kioo, akakohoa.

"Ndama dume, mweusi. Mali ya Sikudhani binti Makame."

Ndama huyo alikuwa amekufa mwaka uliopita, na hereni yake ndiyo iliyoshonewa ndani ya kofia.

"Mashine haisemi uongo," alisema Bi Sikudhani, akichukua kamba ya pili. "Sasa, shemeji, niwaswage nyote wawili, au nimchukue ng'ombe peke yake?"

Mwinchande akavua kofia, akamwachia ng'ombe.