Kwa Nini Miguu ya Jongoo Haikanyagi Pamoja

Weka jembe chini, mjukuu wangu, usimkate huyo jongoo. Mtazame kwanza anavyotembea. Miguu yake hainyanyuki pamoja. Hunyanyuka mmoja, halafu wa mbele yake, halafu mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo. Zamani hakuwa hivyo. Jongoo alikuwa na mbio kumshinda mjusi.

Zama hizo viumbe wasio na mifupa walijua kwamba ndani ya mwili mna kitu kinachopeleka habari, ukichomwa mkiani kichwa kikajua. Lakini kila ukoo ulikiita kivyake. Konokono walikiita mzizi. Nyungunyungu walikiita kamba. Jongoo, kwa majivuno yao, walisema wao wana ngazi, na hakuna mwingine mwenye nayo. Tena wote walishika mwiko mmoja: dawa haipakwi mpaka ugonjwa utajwe kwa jina.

Siku moja Mwanakombo, binti wa Bi Jongoo, aliangukiwa na jiwe. Miguu ya nyuma ikafa ganzi, na ganzi ikaanza kupanda kuelekea kichwani. Mzee Konokono alikuwa na dawa ya kivumbasi, lakini alisema hiyo ni ya mzizi. Bi Jongoo akajibu kwamba mwanawe hana mzizi, ana ngazi. Wakaachana hivyo, dawa ikiwa hatua mbili kutoka kwa mgonjwa. Hunipanda hasira hata leo nikisimulia.

Siafu, mkunga wa bonde lile, akawaita wote, akawagusa mmoja mmoja kwa papasi zake, zile pembe nyembamba za kichwani. Kote alikuta uzi uleule, wenye mafundo yaleyale. Ungedhani wangekimbilia dawa. Thubutu! Walianza kugombania jina la nani litumike, siku tatu mfululizo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapo hata tembo hawakuwepo.

Siku ya tatu ganzi ilifika shingoni. Bi Jongoo akasimama katikati yao, akasema kwa sauti ndogo:

"Ngazi nimeiacha. Kiiteni mpendavyo. Ila mkichelewa, mje mniambie mwanangu amekufa kwa maradhi gani."

Mzee Konokono alikuwa wa kwanza kuinamisha pembe zake.

"Tukiite kile tulichokigusa," akasema Siafu. "Uzi na mafundo."

Wote wakaitikia. Ugonjwa ukatajwa, dawa ikapakwa. Mwanakombo alipona, lakini kukimbia hakuweza tena. Habari ziliamka mwilini mwake polepole, fundo moja baada ya jingine, na miguu ikazifuata.

Na tangu siku hiyo siafu wakikutana njiani hugusana papasi kabla ya lolote, na jongoo, uzao wa Mwanakombo, hutembea fundo kwa fundo. Ukimgusa hujikunja, tumbo ndani, auhifadhi uzi wake upitao tumboni. Basi mpishe apite, mjukuu wangu. Siku tatu alizocheleweshwa zinatosha.