Mayai ya Mwanamvua

Sogeeni karibu, mwenye usingizi akalale. Hii ni ya wenye macho. Zamani hizo madimbwi ya mbugani hayakuwa na samaki hata wa dawa. Samaki walikuwa wa mtoni. Dimbwi lilikuwa la vyura na mbu.

Basi mwaka mmoja mto ukafura, ukapanda hadi mbugani, na ulipokunja mkeka wake kurudi, ukasahau wageni dimbwini: samaki mdogo aitwaye Mwanamvua, mumewe Pazi, na jirani yao Kambare. Mwanamvua alikuwa na mayai tele tumboni, na kila kulipokucha aliona ukingo umemsogelea. Maji yalikuwa yanakwisha.

Kambare, mwenye ngozi ngumu, akajiburuta majanini kurudi zake mtoni. "Shemeji, mie naondoka," akasema. "Wewe baki na hilo tumbo lako. Utazaa vumbi!"

Mwanamvua akataga mayai ya kwanza kwenye nyasi za ukingoni, kama alivyofunzwa na mama yake huko mtoni. Kesho yake maji yameshuka, nyasi ziko juani, mayai yamekauka mithili ya dagaa. Siku ile hakutia kitu kinywani. Pazi akawa anamzunguka tu.

Ndipo wakaja wanawake wawili kuteka maji yaliyosalia, Bi Mwantumu na mkaza mwanawe, Siwema. Mavuno yalikuwa yamekwisha, wanazungumzia mbegu ya mpunga.

"Mama," Siwema akauliza, "mvua ikidondoka tu tunamwaga mbegu yote, tupumzike, eti?"

"Yote? Halafu tule nini, matope? Mvua ya kwanza ina uongo, mwanangu. Huja ikabusu vumbi, ikaenda zake. Mwaga kidogo, nyingine ibaki kibuyuni. Nacho ukizibe, mbegu ilale."

Mwanamvua akatega sikio. Kumbe mbegu hulala! Akamrukia mumewe.

"Pazi, vaa!"

"Nivae nini tena, na maji yenyewe haya?"

"Nguo za harusi. Tunapanda."

"Tunapanda wapi?"

"Topeni, baba. Mbona mzito wewe leo?"

Pazi akavaa wekundu wake wote, akatia na samawati ya mapezi. Akaja ubavuni mwa mkewe, wakabanana, wakainama hadi topeni, wakatikisa viuno kama ngomani, na yai moja likazama gizani. Wakarudia. Wakarudia tena. Ikawa harusi kutwa, vyura waimbaji, kereng'ende watazamaji. Na kila yai Mwanamvua alilinong'oneza neno lake. Hili liamke kwa mvua ya kwanza, huenda mwaka huu ikasema kweli. Lile lisidanganyike, livute shuka mpaka ya pili. Na jingine, ambalo hata kutagwa lilitagwa kwa uvivu, akaliambia lilale tu, mwaka mzima likipenda.

Dimbwi likakauka. Mwanamvua na Pazi wakaenda na maji yao, yeye tumbo jepesi na kicheko mdomoni.

Mvua ya kwanza ikaja, ikadanganya kweli. Walioamka hawakufika mbali, maskini. Lakini masika yenyewe yalipofika, dimbwi likajaa, na tope likachemka visamaki! Wakakua mbio mbio, maana hawakuwa na mto wa kuwalea. Mwezi haujapita sana, vidume wamekwisha kuvaa nyekundu, wanatafuta wachumba.

Na tangu siku hiyo samaki wa madimbwi huzika mayai yao topeni, na madume wao hawana nguo za kazini, ni za harusi tu. Watu wakiona dimbwi la jana lina samaki leo, husema wamedondoka mawinguni. Hawakudondoka popote. Kiangazi kizima tunapita juu yao, watoto wanapigia mpira juu yao, ng'ombe wanawakanyaga, nao wamelala kimya. Hata mvua ikibisha hodi, si wote wanaoitika. Wengine huisikiliza kidogo, wakasema, "Bado," wakageukia ubavu wa pili.